Umeme ukishuka usiku, jagi la chai linakula uniti zaidi? Nimepima, njooni tubishane kwa namba

ChaiYaMchana (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nyumbani kwangu kuna ubishi uliofika hatua ya kununiana. Shemeji anashikilia kwamba usiku umeme ukiwa mdogo, LUKU (mita yetu ya umeme wa kulipia kabla) inakimbia, kwa sababu jagi la kuchemshia maji linakaa muda mrefu mno kabla halijachemka. Mimi nikasema si kweli, halafu nikashindwa kueleza kwa nini si kweli. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa jirani kuazima multimita.

Jagi lenyewe ni la kawaida. Chini yake limeandikwa volti 220-240, wati 1850-2200. Nimelitumia miaka minne bila kujiuliza wati zipi hasa, maana wameandika mbili. Nikalichomoa kwenye soketi (narudia, NIKALICHOMOA), nikabonyeza swichi yake kama vile nataka kuchemsha, nikaweka multimita upande wa omu na kugusa pini ya moto na ya nyutro kwenye plagi. Ikasoma 26.5. Nikagusanisha ncha za multimita zenyewe kwa zenyewe, ikasoma 0.3. Nikaitoa. Jagi langu lina ukinzani wa omu 26.2 hivi.

Nikakumbuka ya sekondari: volti ukigawanya kwa ampea unapata omu, na volti ukizidisha kwa ampea unapata wati. Ukiziunganisha hizo mbili, ampea zinatoka kwenye hesabu, unabaki na volti mara volti, gawanya kwa omu. Sasa angalieni lebo:

240 × 240 = 57,600. Gawanya kwa 2,200 unapata 26.18.
220 × 220 = 48,400. Gawanya kwa 1,850 unapata 26.16.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya. Kumbe wati mbili za kwenye lebo ni jagi lilelile moja, koili ileile ya omu 26, isipokuwa limeshikishwa volti tofauti. Jagi halina wati zake. Lina omu zake. Wati linapewa na ukuta.

Basi nikapima. Nilichomoa friji, nikazima kila kitu, nikachota lita 1 na nusu kutoka ndoo ileile. LUKU yangu ina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kinamweka mara 1,000 kwa kila uniti. Nikamweka mtoto wa form one kuhesabu.

Mchana: volti 216 jagi likiwa linawaka, dakika 4 na sekunde 40, mimweko 147.
Usiku: volti 172 jagi likiwa linawaka, dakika 7 na sekunde 35, mimweko 152.

Muda umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Uniti zimeongezeka kwa mimweko mitano, yaani elfu tano ya uniti moja... samahani, tano ya elfu ya uniti moja. Shemeji anasema ameshinda kwa sababu 152 ni kubwa kuliko 147. Naomba mnisaidie.

---

NyanyaChungu

Natandika mkeka hapa. Wajuzi waje.

---

Jembe la Zamani

Mkuu umejitahidi ila umechanganya mafaili. Wati ni volti mara ampea, hiyo haibishaniwi. Jagi ni la wati 2,200. Volti zikishuka mpaka 172, ampea lazima zipande ili wati zitimie: 2,200 gawanya 172 unapata karibu 12.8. Ndiyo maana umeme mdogo unaunguza vitu. Waya unabeba ampea nyingi kuliko kawaida. Hata mafundi wote mtaani wanalijua hilo.

---

Fundi Koleo

Mkuu Jembe, umegusa kitu cha kweli lakini umekibandika kwenye kifaa kisichohusika. "Ili wati zitimie." Nani anazitimiza? Ndani ya jagi kuna waya umezungushwa, basi. Hauna akili ya kusema leo nimepewa volti chache ngoja nivute ampea zaidi. Ukiusukuma kwa nguvu ndogo unapitisha kidogo. Volti 172 gawanya kwa omu 26.2 ni ampea 6.6. Zimeshuka, hazikupanda. Mchana kwenye 216 zilikuwa 8.2.

Kwa hiyo usiku jagi lilikuwa linafanya kazi kwa 172 × 6.6, kama wati 1,130. Mchana lilikuwa karibu 1,780. Volti zimeshuka kwa asilimia 20, wati zimeshuka kwa zaidi ya theluthi moja. Hapo ndipo watu wanapopotea: wati zinafuata mraba wa volti. Volti zikipungua, ampea nazo zinapungua, unapigwa mara mbili.

Mleta uzi, kwa nini mimweko ilikaribiana? Maji hayajali saa ngapi. Lita 1.5 kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinataka joto la jouli kama 471,000, ambazo ni uniti 0.131. Yaani mimweko 131, uchemshe kwa jiko la haraka au la polepole. Iliyozidi hapo ni joto lililopotea. Jagi likikaa dakika saba na nusu linapoteza joto hewani zaidi ya lile la dakika nne na nusu, ndiyo mimweko yako mitano. Shemeji ameshinda kwa kijipointi tu, lakini LUKU haikimbii.

Kama bado kuna ubishi, tafuta klampu (kipimo cha ampea kinachokumbatia waya) umalize. Namba ya ampea ndiyo itakayosema nani mkweli, 12.8 au 6.6.

---

Kidato cha Pili B

Jamani naombeni msaada kidogo hapohapo. Mimi nilijaribu hiyo njia ya kupima omu kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani. Multimita ikasoma 64. Nikafanya 230 × 230 gawanya 64 nikapata wati 826! Balbu imeandikwa 60. Mwalimu kasema nimepima vibaya.

---

Ndimu Kali

Wati 826 mdogo wangu hiyo si balbu hiyo ni pasi 😂😂

---

Mwl. wa Zamu

Hukupima vibaya, umepima balbu iliyolala. Waya wa balbu ni tangsteni, na ikiwaka inafika joto la nyuzi kama 2,500. Chuma kikipata joto ukinzani wake hupanda, na kwa tangsteni hupanda zaidi ya mara kumi. Piga hesabu kinyume: 230 × 230 gawanya 60 unapata omu 882. Hiyo ndiyo balbu ikiwa macho. Ulichopima ni ikiwa baridi, na multimita ina betri ndogo isiyoweza kuipasha.

Zile wati 826 nazo si uongo kabisa. Ndizo zinazopita katika ile nukta ya sekunde unapobonyeza swichi, kabla waya haujapata moto. Ndiyo maana balbu za namna hiyo hufa ukiwasha, ni nadra kufa zikiwa zinawaka.

Jagi ni tofauti kwa sababu koili yake ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromi. Ukinzani wake hubadilika kwa asilimia chache tu ikipata joto. Mleta uzi alikuwa na bahati ya kuanza na jagi. Angeanza na balbu uzi huu ungefungwa jana.

Na kwa wapenda historia: Georg Ohm naye alikuwa mwalimu wa shule, pale Cologne, na tatizo lake la kwanza lilikuwa hilihili la umeme usiotulia. Betri za wakati ule zilishuka volti kadiri alivyozitumia, kila namba ikamtoka ovyo. 1826 akaziacha, akaunganisha bismathi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, akapata chanzo kinachotulia. Matokeo yakakaa kwenye mstari, na 1827 akachapisha kitabu chake. Hakuwa na LUKU wala shemeji.

---

Mzee wa Minneapolis

Nipo huku Marekani, umeme wa volti 120. Nilikuja na jagi kutoka nyumbani nikadhani limeharibika njiani, maji hayachemki. Sasa nimeelewa: 120 × 120 gawanya 26 ni wati 550. Nikipika chai naweza kwenda kuoga nikarudi.

---

Fundi Koleo

Bora hivyo mzee. Usije ukafanya kinyume. Jagi la huko la volti 120, wati 1,500, lina omu 9.6. Ukilileta huku ukalichomeka kwenye 230 linavuta ampea 24, wati zaidi ya 5,500. Fyuzi ya plagi yetu ni 13.

---

ChaiYaMchana

Nimerudi na klampu ya kuazima. Wakuu nicheke kwanza: nilikumbatisha klampu kwenye kebo ya ekstensheni, ikasoma 0.00. Jagi linaunguruma, klampu inasema sifuri. Nikataka kumrudishia mwenyewe nimwambie mbovu.

---

Fundi Koleo

😂 Umekumbatia moto na nyutro pamoja. Kinachokwenda na kinachorudi vinafutana. Unatakiwa ukumbatie waya mmoja tu. Tengeneza kipande cha ekstensheni ambacho gamba la nje limetolewa, nyaya zionekane tatu mbalimbali, KILA MOJA ikiwa bado na gamba lake. Ufanye kazi hiyo ikiwa imechomolewa.

---

ChaiYaMchana

Usiku wa leo: volti 173, ampea 6.6. Jembe la Zamani, karibu chai. Itachelewa kidogo.

---

ShemejiMwenyewe

Mimi ndiye shemeji. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu.

Jagi nimekubali. Lakini mbona hamsemi friji? Volti zikishuka friji la hapa linanguruma, linakata, linanguruma tena, na mgongoni huwezi kuweka mkono. Na pampu ya jirani iliungua mwezi wa Ramadhani katika umeme wa namna hiyo. Je, hizo nazo ni chai?

---

Jembe la Zamani

Shemeji nakupa tano. Ndicho nilichokuwa nasema, sema nimekisema kwenye kifaa kisicho chake.

---

Fundi Koleo

Hapo wote wawili mko sawa. Mota si koili ya jagi. Huwezi kupima omu zake ukatabiri ampea zake, kwa sababu ikizunguka inazalisha volti za kupinga zile zinazoingia. Pampu ina maji ya kusukuma, compressor ya friji ina gesi ya kukandamiza, mzigo ni uleule volti ziwe 230 au 172. Volti zikishuka mota inalegea kidogo, zile volti za kupinga zinapungua, inavuta ampea zaidi ili iendelee. Ampea zikizidi, waya wa ndani unapata moto.

Kubaya zaidi ni wakati wa kuanza. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka inafuata mraba wa volti. 172 ni robo tatu ya 230, mraba wake ni kama asilimia 56. Compressor inajaribu kuondoka na nusu ya nguvu, inashindwa, inakaa palepale ikivuta ampea mara kadhaa ya kawaida, kile kidude cha kinga kinapata moto kinakata, kikipoa kinairuhusu ijaribu tena. Ndiyo ngurumo-kata-ngurumo ya shemeji. Chomoa friji umeme ukiwa hivyo.

Chaja za simu, za laptopu, na tivi za siku hizi nazo ukipunguza volti zinapandisha ampea, kwa kuwa ndani zina saketi inayotafuta kutoa wati zilezile. Angalia chaja yako, imeandikwa 100-240. Kwa hizo, hesabu ya Jembe ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujashika kikokotoo uliza: hiki kifaa ni waya tu, au kina kitu kinachodai?

Halafu mleta uzi, nina swali ambalo limenikera tangu juzi. Ile 216 ya mchana uliipima jagi likiwaka. Bila jagi ilikuwa ngapi?

---

ChaiYaMchana

Sikuandika. Nimepima sasa hivi (saa mbili usiku, leo umeme una nafuu): soketi ya jikoni bila jagi 214. Nikiwasha jagi 198. Nikizima inarudi 214.

---

Fundi Koleo

Volti 16 zinakwenda wapi?

Jagi kwenye 198 linavuta 198 gawanya 26.2, ni ampea 7.6. Ampea hizohizo zinapita kwenye kila waya kuanzia transfoma mpaka kwako. Volti 16 gawanya 7.6 ni omu 2.1. Una omu mbili za bure njiani, na 16 × 7.6 ni wati zaidi ya 120 zinazopasha kitu ambacho si maji yako. Watu wakiona hivyo wanalaumu nguzo. Kabla ya nguzo, ita fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) apime palepale kwenye mein swichi, jagi likiwaka na likiwa limezimwa. Usifungue hapo mwenyewe. Jikoni kwako ni mita ngapi kutoka mein swichi, na waya ni wa ngapi?

---

ChaiYaMchana

Jiko liko nyumba ya uani, mita 40 kwa kamba. Waya 1.5, yaani milimita za mraba. (Najua. Nilikuwa najenga kwa awamu.)

Fundi kaja jana jioni, volti bila mzigo zilikuwa zilezile 214. Kwenye mein swichi jagi likiwaka: 210.

---

Mwl. wa Zamu

Hili ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kutunga. Wanafunzi fuateni.

Kutoka nje mpaka mein swichi zinapotea volti 4. Kutoka mein swichi mpaka jikoni zinapotea 12. Waya wa shaba wa 1.5 una omu 12.1 kwa kilomita. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni 80, hivyo omu 0.97. Zidisha kwa 7.6, unapata volti 7 na kitu. Zilizopotea ni 12. Waya peke yake haujitoshelezi kueleza. Zinabaki volti kama 4.7, ambazo ni omu 0.6, mahali fulani ambapo hapastahili kuwa na omu yoyote.

---

Fundi Koleo

Na 4.7 × 7.6 ni wati 35. Chuma cha kulehemu cha fundi redio ni wati 30 au 40. Mkuu, kuna chuma cha kulehemu kimelala darini kwako na kinawaka kila ukipika chai. Usitumie hiyo laini mpaka kiungo kibovu cha waya kipatikane. Sitanii.

Na msihangaike kukitafuta kwa upande wa omu wa multimita. Omu 0.6 ni ndogo mno, ncha zenyewe zina 0.3, utapima ncha zako. Kipeni mzigo, pimeni volti zinazopotea. Ndiyo njia.

---

NyanyaChungu

Mkeka nimeukunja nimeenda kuangalia dari langu.

---

ChaiYaMchana

Mrejesho.

Fundi alizima mein swichi, akapanda darini. Pale waya unapotoka nyumba kubwa kwenda uani kulikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Nyutro. Tepu imekuwa kama lami, shaba imegeuka rangi ya kahawa ya kuungua, na mbao iliyo karibu ina alama nyeusi ya upana wa kiganja. Fundi hakusema neno, akanishushia kipande nikione. Nimekiweka kabatini.

Amekata sehemu iliyoungua, ameweka kiboksi na konekta za kukaza kwa skrubu. Leo bila jagi 214, na jagi 202. Kwa chai ni sekunde kumi na tatu tu nimeokoa, nimepiga hesabu. Waya wa 4 utakuja mwisho wa mwezi, fundi anasema utapandisha mpaka 207 hivi.

Nimerudia kipimo cha mchana. Lita 1 na nusu, ndoo ileile, mhesabuji yuleyule: mimweko 144.

---

ShemejiMwenyewe

Ilikuwa 147. Kwa hiyo LUKU ilikuwa inakimbia.